Pikipiki inapotikisa usukani: Kabla ya kufunga damperi, kagua shingo

UKIPITA majira ya jioni Mbagala Rangi Tatu, Tandika au Tegeta, huwezi kukosa kuona jinsi pikipiki za abiria zinavyopambwa. Zipo zilizoongezewa taa, zipo zilizoshonewa viti vipya, na zipo zilizochomelewa vyuma vya kinga mbele na kibebeo kikubwa nyuma. Mwenye pikipiki wa Dar es Salaam ni nadra kuiacha kama ilivyotoka kiwandani. Huiongezea hiki na kile mpaka ifanane na kazi yake na moyo wake.

Miongoni mwa vifaa vya kuongezea vinavyoonekana kwenye picha za pikipiki kubwa za mashindano, na ambavyo siku hizi mtu anaweza kuviagiza kwa simu ya mkononi, ni damperi ya usukani. Hiki ni kibomba chembamba chenye fimbo inayoingia na kutoka, mithili ya shokapu ndogo iliyolazwa ubavu. Upande mmoja hufungwa kwenye fremu na upande wa pili kwenye sehemu inayozunguka pamoja na usukani. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika tundu dogo. Usukani ukigeuzwa polepole, mafuta hupita bila shida; ukirushwa ghafla, mafuta hukataa kupita kwa haraka hiyo na usukani hutulizwa.

Kwa dereva wa bodaboda ambaye chombo chake kimeanza kutikisa usukani, kifaa cha namna hiyo huonekana kama jibu la maombi. Mtikisiko si jambo la kuchekea. Nyuma yake ameketi abiria, kushoto kuna mtaro, kulia kuna daladala inayowahi kituo, na majeruhi wa ajali za pikipiki ni watu wanaofahamika vyema katika hospitali za Temeke na Mwananyamala na katika taasisi ya mifupa, MOI, iliyopo Muhimbili. Ndiyo maana inafaa kueleza kwa kina kifaa hiki hufanya nini hasa, na kwa nini kwa pikipiki nyingi za mitaani kinaweza kuficha ubovu badala ya kuuondoa.

Gurudumu la kitoroli

Mtu aliyewahi kusukuma kitoroli cha dukani ameuona mtikisiko huu kwa macho yake. Gurudumu dogo la mbele hutulia kitoroli kikienda taratibu, lakini kikiongezwa mwendo huanza kupepesuka kushoto na kulia kwa kelele, hasa kama ekseli yake imelegea. Gurudumu la mbele la pikipiki hufuata kanuni ileile. Mhimili wa shingo ya usukani umelala kidogo, na kama ungerefushwa mpaka chini ungegusa lami sentimita kadhaa mbele ya mahali tairi linapokanyaga. Kwa hiyo tairi daima linaburutwa nyuma ya mhimili wake, na jambo hilo ndilo linalolifanya lijinyooshe lenyewe baada ya kila kona.

Tatizo ni kwamba gurudumu linapojinyoosha hupitiliza kidogo upande wa pili, kisha hurudi, kisha hupitiliza tena. Katika pikipiki nzima na yenye afya, kila mrudio huwa mdogo kuliko uliotangulia mpaka unakwisha bila dereva kuhisi chochote. Msuguano wa tairi na lami, uimara wa fremu na mikono ya dereva iliyoshika bila kukakamaa hufanya kazi hiyo ya kutuliza. Mikono ndiyo damperi ya kwanza ya kila pikipiki. Ikitokea kitu kikalegea au uzito ukakaa vibaya, mrudio haupungui bali unakua.

Wataalamu hutofautisha misukosuko ya aina mbili. Wa kwanza ni mtikisiko wa usukani peke yake, unaopiga takribani mara 6 hadi 10 kwa sekunde. Wa pili ni myumbo wa pikipiki nzima, kichwa na mkia, unaokwenda polepole zaidi, takribani mara 2 hadi 4 kwa sekunde, na ambao hujitokeza zaidi katika mwendo mkubwa. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa pikipiki hukata zaidi ya mita 16 kila sekunde, kwa hiyo mtikisiko unaopiga mara 8 kwa sekunde humaanisha usukani kwenda na kurudi katika kila mita mbili za barabara. Hakuna dereva mwenye mikono ya kuufuata mwendo huo. Akijaribu kupambana nao mara nyingi huuchochea.

Mwaka 1971 mhandisi wa Uingereza, Robin Sharp, alichapisha uchambuzi wa kihesabu wa tabia hizo ambao mpaka leo ni msingi wa somo hili katika vyuo vya uhandisi. Mojawapo ya mambo yaliyodhihirika ni kwamba damperi ya usukani husaidia kutuliza mtikisiko wa kwanza, lakini inaweza kuuongezea nguvu myumbo wa pili. Damperi haina huruma ya kuchagua. Hupinga kila mzunguko wa haraka wa usukani, ule mbaya na ule ambao gurudumu lilihitaji ili lijinyooshe.

Si kusema kwamba kifaa hiki ni cha upuuzi. Pikipiki za Uingereza za kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilikuwa na kirungu juu ya shingo ya usukani, ambacho dereva alikizungusha kukaza sahani za msuguano. Waliofunga kigari cha pembeni walikithamini sana, kwa kuwa chombo cha namna hiyo hutikisa usukani kinapoanza kuondoka. Mwaka 1997 kampuni ya Suzuki ilitoa pikipiki ya TL1000S, yenye injini ya karibu sentimita za ujazo 1,000, na haukupita muda mrefu kabla malalamiko ya usukani kutikisika kwa nguvu hayajasikika nchini Uingereza. Pikipiki hizo ziliitwa zirudi ili zifungwe damperi. Mwaka 2004 Honda nayo iliiwekea CBR1000RR damperi inayoongozwa na kompyuta, ambayo huwa laini chombo kinapokwenda polepole na kuwa ngumu mwendo unapopanda.

Kompyuta ile iliwekwa kwa sababu ambayo dereva wa Manzese au Mtoni anaielewa kuliko mhandisi wa Japani. Katika mwendo mdogo pikipiki husimama kwa sababu dereva anaugeuza usukani kidogo kidogo, upesi na bila kukoma, kuufuata uzito wake usianguke. Huyo anayepenya foleni katikati ya daladala mbili kwa mwendo wa kilometa 10 kwa saa anafanya marekebisho mengi kwa dakika bila hata kujua. Damperi ya bei nafuu iliyokazwa sana humnyang'anya wepesi huo. Usukani unakuwa kama umezamishwa kwenye asali, na pikipiki yenye abiria huanza kuelemea upande mmoja kabla ya mikono kuiwahi.

Hapo ndipo tofauti kati ya chombo cha mashindano na bodaboda inapoonekana. Pikipiki nyingi za abiria jijini, ziwe Boxer, TVS au za chapa mbalimbali za China, zina injini ya ujazo wa kati ya 100 na 150, na uzito wa kilo 120 hivi. Maisha yake ni foleni, matuta, rasta na vichochoro vya mchanga. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Chombo cha aina hiyo, kikiwa kizima, hakihitaji damperi kwa kazi hiyo. Kikianza kutikisa usukani katika mwendo wa kilometa 40 au 50, hiyo ni taarifa kwamba kuna kitu kimeharibika.

Shingo ndiyo ya kwanza

Mshukiwa wa kwanza ni shingo ya usukani. Ndani ya shingo, juu na chini, mna vikombe vya chuma ambamo gololi huzunguka, na katika pikipiki nyingi ndogo gololi hizo zimepangwa tu ndani ya grisi. Pikipiki ikipiga tuta ikiwa na mzigo, kishindo chote cha gurudumu la mbele hupita kwenye gololi hizo. Na kwa kuwa muda mwingi usukani umenyooka, gololi hugonga mahali palepale kila siku, mpaka zinachimba vishimo vidogo kwenye vikombe. Hapo usukani unaanza kunasa katikati, kana kwamba una kituo chake.

Mazingira ya pembezoni mwa jiji huharakisha jambo hilo. Mchanga wa Mbagala na Kigamboni hupenya kila palipo na uwazi. Wakati wa masika pikipiki hukatiza madimbwi yanayofika kwenye ekseli. Halafu kuna usafi wenyewe: dereva anayejali biashara yake huosha chombo mara kwa mara kwa mashine ya maji yenye nguvu, na kijana wa kuosha, kwa nia njema kabisa, huelekeza mkondo wa maji moja kwa moja shingoni mpaka grisi inatoka. Pikipiki inang'aa, shingo inakauka.

Kupima shingo hakuhitaji kifaa cha gharama. Pikipiki husimamishwa kwa stendi kubwa, mtu mmoja hukandamiza nyuma au kipande cha mbao huwekwa chini ya injini, mpaka gurudumu la mbele liwe hewani. Mkaguzi huchuchumaa mbele, akazishika shokapu kwa chini na kuzivuta kuelekea kwake na kuzisukuma. Akisikia au kuhisi mgongano mdogo mkononi, shingo imelegea. Kisha huugeuza usukani polepole kwa kidole kimoja kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiteleza sawasawa hadi mwisho, ni heri. Ukinasa katikati, vikombe vimechimbika, na hapo kukaza nati ni kujidanganya.

Kukaza nati ndilo kosa linalofanyika mara nyingi zaidi. Dereva analalamika kwamba usukani unacheza, fundi anakaza, mgongano unakoma na fedha zinapokewa. Lakini shingo iliyokazwa kupita kiasi hulizuia gurudumu kujinyoosha lenyewe, na pikipiki huanza kuyumba taratibu kama mtu aliyelewa, hasa katika mwendo mdogo. Dawa ya vikombe vilivyochimbika ni kubadilisha seti nzima, vikombe na gololi za juu na chini kwa pamoja, kupaka grisi mpya ya kutosha, na kukaza mpaka mchezo uishe huku usukani ukiweza kuanguka wenyewe upande mmoja unaposukumwa kidogo.

Baada ya shingo huja magurudumu. Lingali hewani, gurudumu la mbele hutikiswa kwa kushikwa juu na chini ya tairi ili kujua kama beringi za ekseli zimekwisha. Huzungushwa mbele ya kitu kilichosimama, hata kijiti kilichoegemezwa kwenye shokapu, kuona kama rimu imepinda. Rimu ya spoku hugongwa spoku moja moja kwa spana ndogo. Ile iliyolegea hutoa sauti bubu tofauti na wenzake. Tairi lililolika kwa mabonde, au lililobaki na upepo nusu, linatosha peke yake kuleta mtikisiko. Upepo ndio wa kupimwa kabla ya yote, kwa kuwa kuujaza ni gharama ndogo kuliko zote.

Watu wengi husahau kwamba mtikisiko wa mbele unaweza kuzaliwa nyuma. Bushi za mkono unaobeba gurudumu la nyuma zikiisha, gurudumu hilo huenda upande kidogo kila pikipiki inapobadilisha mwendo, na usukani huitikia. Kadhalika mnyororo unapokazwa bila kulinganisha alama za kushoto na kulia, gurudumu la nyuma hukaa mshazari. Shokapu moja ya mbele ikivuja mafuta na nyingine ikiwa nzima, mizani huvurugika pia.

Mzigo ni sura nyingine kabisa. Dereva wa kilo 70, abiria wa kilo 70 na furushi la kilo 20 ni kilo 160, yaani zaidi ya uzito wa pikipiki yenyewe, na sehemu kubwa ya uzito huo imekaa juu ya gurudumu la nyuma. Mbele hubaki pepesi. Tairi la mbele lisilobanwa vizuri na uzito hupoteza nguvu ya kujituliza. Ndiyo maana pikipiki isiyotikisika ikiwa na mtu mmoja huanza kutapatapa ikibeba mishikaki, au ikifungiwa madumu ya maji kwenye kibebeo kinachochomoza nyuma ya ekseli. Kibebeo chenyewe kikiwa kimelegea na kucheza, hali huwa mbaya zaidi. Huko Kenya, ambako bodaboda nyingi hufungwa mwavuli mkubwa juu ya dereva, upepo nao huingia katika hesabu, kwa kuwa kinachoshikwa na upepo na kufungwa kwenye usukani huusukuma usukani. Hakuna damperi inayoweza kuhamisha uzito kutoka nyuma kwenda mbele.

Sasa fikiria shingo iliyochimbika ikifungwa damperi. Mtikisiko unapungua, dereva anafurahi, na ile dalili iliyokuwa ikimwambia kwamba gololi zinakwisha inanyamazishwa. Gololi zinaendelea kusagika. Siku mafuta ya damperi yatakapovuja, au siku itakapokutana na tuta lisilo na alama usiku wa mvua, mtikisiko hurudi ukiwa mkubwa kuliko ulivyoachwa.

Kwa nini basi matengenezo ya shingo huahirishwa? Jibu liko zaidi kwenye mkataba kuliko kwenye spana. Madereva wengi huendesha pikipiki ya mtu mwingine na kupeleka hesabu ya kila siku au ya wiki, kwa makubaliano kwamba baada ya muda fulani chombo kitakuwa chao. Siku pikipiki ikilala gereji, hesabu hailali. Kubadilisha vikombe vya shingo ni kazi ya kufungua taa, usukani na shokapu zote, na fundi asiye na haraka huimaliza kwa nusu siku au zaidi. Kufunga kifaa cha nje ni kazi ya saa moja. Mikataba nayo hutofautiana: mingine humwachia dereva oili, tairi na breki lakini haitaji shingo hata kwa neno moja, na kila upande hudhani ni ya mwenzake. Tangu Kanuni za mwaka 2010 zilizoweka utaratibu wa leseni za pikipiki na bajaji za biashara chini ya SUMATRA, ambayo nafasi yake upande wa nchi kavu ilichukuliwa na LATRA mwaka 2019, leseni, kofia ngumu na idadi ya abiria vimekuwa mambo ya kuulizwa barabarani. Lakini hakuna anayekusimamisha kuuliza hali ya gololi zako. Hilo limebaki kati ya dereva na mwenye chombo.

Kama ni lazima kufunga

Wapo ambao damperi itawafaa kweli: mwenye pikipiki kubwa ya mwendo mkali, au anayesafiri mara kwa mara kwenye mchanga mzito na njia za mawe, ambako gurudumu la mbele hurushwa huku na huko hata kama shingo ni mpya. Waendeshaji wa mashindano ya jangwani huzitumia kwa sababu hiyo. Kwa mtu wa aina hiyo, na baada ya ukaguzi uliokwisha kuelezwa, kazi ya kufunga ina mambo yasiyovumilia kubahatisha.

La kwanza ni urefu wa fimbo. Usukani ukigeuzwa mpaka mwisho kushoto, na kisha mpaka mwisho kulia, fimbo lazima ibakiwe na milimita kadhaa za kwenda kila upande. Kinachopaswa kuugotesha usukani ni vizuizi vilivyomo kwenye fremu. Ikigota damperi kwanza, dereva atakosa kona siku anayoihitaji sana, au fimbo itapinda na usukani ukwame. Kipimo hiki hufanywa bano zikiwa zimeshikizwa tu, kabla ya kukazwa.

Bano la upande wa shokapu hufungwa kwenye bomba la juu lisilopanda wala kushuka. Likifungwa kwenye sehemu ya chini inayocheza, shokapu ikibonyea itaipinda damperi. Upande wa fremu hutumika bano la kuzunguka bomba. Hapa kuna kishawishi kikubwa katika mitaa yenye fundi wa kuchomelea kila baada ya nyumba chache: kuchomelea sikio la chuma karibu na shingo. Eneo la shingo ndilo linalobeba mizigo mikubwa kuliko yote kwenye fremu, na joto la kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma pale pale. Nyufa za shingo hazionekani mpaka zimekuwa ndefu. Kutoboa tundu nako hakufai. Kama hakuna bano linaloenea bomba la fremu, kifaa hicho si cha pikipiki hiyo.

Viungo vya ncha za damperi huachwa vizunguke huru, na damperi ilale sambamba na njia ya mwendo wake, isivutwe mshazari. Waya wa mafuta, waya wa klachi na bomba la breki hupangwa upya ili visibanwe. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiunguruma bila kuongezwa mafuta, usukani hugeuzwa mwisho hadi mwisho. Mlio wa injini ukipanda hata kidogo, waya wa mafuta unavutwa, na pikipiki hiyo haitakiwi kutoka gereji. Pikipiki inayojiongezea mwendo katikati ya kona ya kurudi nyumbani ni hatari kuliko ile inayotikisa usukani.

Kabla hata ya kufungwa, damperi yenyewe hushikwa mkononi ikasukumwa na kuvutwa. Upinzani uwe sawa njia nzima. Ikiwa na sehemu tupu katikati, ambako fimbo huenda bila kuzuiwa, mafuta yamepungua au hewa imeingia, na sehemu hiyo tupu ndiyo hasa ambamo mtikisiko huanzia. Zile zenye kirungu cha kurekebisha huanzishwa kwenye namba laini kuliko zote, na kuongezwa hatua moja moja pale tu inapobidi. Jaribio la kwanza ni la mwendo wa mguu katika uwanja mtupu, kwa kuzunguka namba nane: kama usukani hauanguki wenyewe kuelekea upande pikipiki inapolala, ama damperi imekazwa mno ama shingo.

Ikitokea usukani ukatikisika barabarani, pikipiki iwe na damperi au isiwe nayo, cha kufanya ni kilekile. Mafuta hupunguzwa polepole, si kwa kuachiwa ghafla. Breki ya mbele haiguswi kwa nguvu, maana huongeza mzigo kwenye gurudumu ambalo tayari limechanganyikiwa. Magoti hubana tangi, kiwiliwili huinama mbele kidogo kuongeza uzito kwenye gurudumu la mbele, na mikono hushika bila kukakamaa. Kuachia usukani ili kuona kama utatulia wenyewe, mchezo ambao baadhi ya vijana huufanya kujaribu chombo, haumo katika orodha ya vipimo.

Seti mpya ya gololi nayo hujikalisha baada ya siku chache za kazi, na mchezo mdogo hurejea hata kama fundi alikaza vizuri. Ni kawaida. Baada ya wiki moja ya kubeba abiria, pikipiki hurudishwa kwenye stendi kubwa, gurudumu la mbele huinuliwa, shokapu huvutwa na kusukumwa tena, na nati ya shingo huongezwa robo mzunguko au chini ya hapo. Kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai kijiweni.